Vigelegele vya Chapwa

Siku tuliyohamia nyumba yetu ya mtaa wa Chapwa nilivua viatu mlangoni, nikapita chumba kwa chumba nikigusa kuta na kucheka peke yangu kama mwehu. Nani angenilaumu? Tangu niolewe nimekuwa mpangaji hapa Tunduma, na mpangaji hana kauli. Mwenye nyumba akigombana na mkewe, hasira anakuja kuzimalizia kwenye maji yako ya kufulia. Vitenge vyote nilivyobeba kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kuja kuuza, jua likiwaka mvua ikinyesha, vilikuwa kwa ajili ya nyumba hii. Mume wangu Anyitike, anayebadilisha kwacha pale mpakani, naye alitoa chake. Nikaapa sipangi tena maishani.

Kitu kimoja tu kilinikera: wanawake wa mtaa ule. Wanaume walipita kusalimia, hata mwenyekiti wa mtaa, Mzee Yesaya, alifika. Lakini mwanamke? Hakuja hata mmoja kuomba chumvi apate kuchungulia sufuria zangu! Nikamwambia Anyitike, "Wanawake wa huku wana maringo." Akaniambia niachane nao, nipange vyombo.

Basi mchana mmoja, pazia la sebuleni bado sijalitundika, nikasikia wimbo wa kanisani. Coaster ilikuwa imeshusha wanawake barabarani, khanga viunoni, mikeka vichwani, wanakuja moja kwa moja getini kwangu. Jamani, moyo ukanilainika. Kumbe nimewasingizia bure, wanakuja kunipokea! Nikajifunga kitenge kipya, nikatandika mkeka barazani, nikafungua geti kwa vigelegele.

Wimbo ukakatika.

"Karibuni, mama zangu! Jisikieni mko kwenu!" Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Aliyekuwa katikati, macho yamemvimba, alinitazama, akautazama mkeka, halafu akatazama makochi yangu kupitia mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Mama Goodness. Ndiyo tumehamia."

"Mmehamia wapi?"

Mwenzake aliyemshika mkono ndiye aliyenijibu. "Huyu ni Gwalugano, mke wa Makene. Tumetoka kumzika mama yake kule Ihanda. Tumelala naye msibani mpaka matanga yakaanuliwa, sasa tunamsindikiza kwake. Wewe unapiga vigelegele vya nini?"

Makene ndiye aliyetuuzia. Kwangu alisema mkewe ametangulia huko Momba kwenye ng'ombe wao. Nikataka ardhi ipasuke. Gwalugano hakulia wala hakupiga kelele, aliomba maji tu. Nikamletea kwenye kikombe changu, nyumbani kwake, akayanywa amesimama. Kisha wenzake wakamchukua akapumzike kwa jirani.

Anyitike aliporudi nilimkabili jikoni.

"Ulijua?"

"Makene alisema tumalizane kabla matanga hayajaanuliwa," akasema, hata aibu hana. "Bei ile ungeipata wapi?"

"Mama wa mtu yuko kwenye jeneza, nyie mnauziana nyumba ya mwanawe!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwanaume gani wewe?"

Kesho yake tukaitwa kwa Mzee Yesaya. Makene alikuwa ameshavukia Zambia, simu haipatikani. Gwalugano alikaa na majirani zake, sisi tukakaa benchi la pili.

"Siku ya kuandikishana niliuliza mke yuko wapi," mzee akaanza. "Makene akasema yuko msibani na amekubali. Nikasita. Wewe Anyitike ukaniapia kwamba umeongea naye kwa simu. Ndipo nikapiga muhuri. Uliongea naye?"

"Niliongea naye, mzee. Mke wangu alikuwa pembeni anasikia. Muulizeni."

Macho yote yakanigeukia. Kiatu cha Anyitike kikanikanyaga vidole chini ya benchi. Nikisema ndiyo, sisi ni wawili na yule mama ni mmoja, nyumba inabaki kwetu. Nikisema hapana, tunatoka, na chetu kimeshakwenda na Makene. Sidanganyi, nyumba ile niliitaka, na mpaka leo naitaka. Lakini Gwalugano alikuwa bado na khanga ya msiba kichwani, ananitazama tu, hanibembelezi. Ningeanzia wapi kumdhulumu mtu aliyetoka kumzika mama yake juzi?

"Hakuongea na mtu," nikasema. "Na mimi sikuwepo."

Anyitike akasimama. "Jasho letu lote umelimwaga kwa mdomo wako," akaniambia mbele ya watu, akatoka. Anasema anamsaka Makene huko ng'ambo. Namsikia kwenye simu tu.

Jioni ile, mzee akiwa ameshayafuta mauziano, nilifunga vyombo vyangu nikiwa nalia kwa hasira. Namlaani Makene, namlaani Anyitike, namlaani hata marehemu kwa kuchagua wiki ile kufa, Mungu anisamehe. Gwalugano alikuwa amekaa barazani. Nikamwomba anivumilie mpaka nipate pa kwenda.

"Chumba cha uani kiko wazi," akasema. "Nitakupangisha. Kodi utalipa mwisho wa mwezi, kama watu wote."

Matusi yalinifika kooni. Kupanga, nyumba niliyoinunua mwenyewe! Nikamwona Goodness wangu amesinzia juu ya mabegi, nikayameza.

"Ila kwanza nipe funguo zangu," akasema.

Nikampa kwa mikono miwili. Na mdomo, ulivyozoea miaka yote hiyo, ukatangulia wenyewe: "Asante, mama mwenye nyumba."