Masaa Manane Angani

Mama alikataa kijiko cha dawa akiwa ameshafumbua kinywa. Alikifumba tena, akageuzia uso ukutani, akaniuliza kaka yangu yuko wapi sasa.

Nilijibu bila kusita, maana hesabu hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa miaka kumi na tisa nimekata tiketi za mabasi: nachukua saa ya kuondoka, najumlisha mwendo, namwambia abiria saa ya kufika. Usiku uliotangulia kaka alinisomea tiketi yake kwenye simu. Ndege ingeruka saa moja asubuhi. Kilomita elfu sita na mia nne, masaa manane angani bila kutua popote. Saa tisa alasiri angekuwa uwanjani kwetu, na tisa na nusu mlangoni.

"Basi lingechukua siku ngapi?" Mama aliuliza.

"Siku tano, dereva asipolala."

"Madereva wako wote hulala."

Dawa ile ilimwondolea maumivu na kumwondoa na yeye pia. Akiinywa alizama usingizini, na kila alipoamka alikuwa amepungua. Muuguzi alikuwa ametuambia waziwazi kwamba siku moja hataamka. Ndiyo maana Mama aliapa kutoigusa mpaka amwone mwanawe, ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka sita. Tangu asubuhi alikuwa ameuma upindo wa shuka, nami nikimhesabia kama ninayemshusha mtu ngazi gizani: bado matatu, bado mawili, bado moja.

Saa tisa ilipopita kimya, nilikwenda ukumbini nikampigia wifi yangu, mke wa kaka, kule ughaibuni. Aliniambia kwa upole kwamba ile saa moja ilikuwa ya kwao. Ndege iliporuka, kwetu ilikuwa imeshagonga saa nne. Kaka alikuwa na masaa mengine matatu angani.

Mabasi yangu hayajawahi kufika mahali ambapo saa ni nyingine. Nilisimama pale nikitafuta uongo: foleni, mizigo, mvua. Sikupata hata mmoja wenye nguvu ya kubeba masaa matatu.

"Mama, nimekosea hesabu," nilisema, nikamweleza.

Alinitazama sana. Halafu akacheka, kicheko chembamba kilichomuuma mbavu. "Miaka kumi na tisa! Hivi hao abiria wako walifika kweli?"

Nilipoanza kulia alinishika kidole kimoja, ndicho alichoweza.

"Matatu siyawezi, mwanangu. Nipe dawa."

Nilimpa. Kijiko kiligonga meno yake.

Kaka aliingia saa kumi na mbili na nusu jioni, na viatu vyake miguuni. Aliushika mkono wa Mama mpaka ulipopoa alfajiri. Mama hakufumbua macho.

Siku tatu baada ya mazishi nilimweleza kaka kosa langu lote, nikiangalia sakafu. Hakunilaumu, wala hakusema kwamba si kitu. Aliniuliza tu, ile saa tisa ya kwetu, yeye alikuwa wapi. Tukapiga hesabu pamoja, taratibu: masaa matano tangu aruke, kilomita elfu nne. Akakumbuka. Chini kulikuwa na jangwa tupu, na jirani yake alikuwa akikoroma.

"Hapo ndipo Mama alipocheka," nilimwambia.

Alivuta kiti chake karibu na changu.

"Na saa kumi?"