Gari Lililotunzwa

...na kizuri chajiuza, Dastani alijiambia kwa mara ya tatu, kizuri chajiuza, hana haja ya kusema mengi, asimame tu hapa uani kwake Newala mikono mfukoni, turubai limeshakunjwa, gari linang'aa jekundu kama siku lilipotoka bandarini, milango miwili, tumbo karibu liguse mchanga, na Shadrack, mfanyabiashara wa magari, katoka Masasi asubuhi hii hii kuja kulinunua, analizunguka, anapiga mluzi, anasema, "Kaka Dastani, wewe una roho ngumu, gari kama hii miaka yote unaifunika tu?" na Dastani anacheka, anasikia kicheko chake kikitoka kikavu, kwa sababu ndiyo, roho ngumu, umesema kweli bwana, hujui tu ulivyosema kweli... "Magari ya spoti ndivyo yalivyo," anajibu, "haya ya familia yanashuka bei kila mwaka, la spoti ukilitunza linakungoja," maneno ya yule muuzaji wa Dar neno kwa neno, aliyashika kama katekisimu, kilomita ndiyo adui, bwana Dastani, kila kilomita inakula bei, mawe yanakula bei, jua linakula bei, likae kivulini, likae... na likakaa, jamani, lilikaa kweli. "Elfu arobaini na moja tu!" Shadrack kaingiza kichwa ndani, anasoma kwenye dashibodi, "aisee, hii haijatembea kabisa!" na Dastani moyoni, imepungua kilomita mia na hamsini, hapo imepungua mia na hamsini, kutoka hapa mpaka Chiungutwa, kumchukua Mama, kumfikisha hospitali Masasi, kurudi zake, haizidi hapo, hesabu hiyo ameipiga kitandani, ameipiga shambani, ameipiga kanisani watu wamefumba macho, na nani angeiona hiyo mia na hamsini, Shadrack angeiona? angepunguza nini, bei ya kuku?

Kuku, mbuzi... mwaka ule wa korosho kuna mtu hapa hapa alimnywesha mbuzi soda, kilo ilipanda mpaka wazee wakawa wanacheka peke yao njiani, huyu kaezeka bati, yule kanunua pikipiki mbili, na Dastani, ambaye hata mikorosho haikuwa yake, ya mama yake ile, ya upande wa kina mama kule Chiungutwa, Mama alimwambia tu, vuna uuze mwanangu, mimi nitakula na nani, basi akavuna, akauza, akaenda Dar akarudi na gari la mbio juu ya uwanda wa mchanga na mawe, watu wakacheka mbavu ziwaume, na Mama peke yake hakucheka, alikuja na unga wa mtama umefungwa kwenye pindo la kanga, akaomba maji, Bertila mkewe akanung'unika, maji yenyewe ya kununua kwa dumu, lakini akampa, na Mama akaukoroga unga kiganjani, akapaka kwa kidole gumba, gurudumu hili, hili, boneti, buti, anawataja wazee wake mmoja mmoja, waliokufa zamani mpaka majina yao mengine Dastani hakuwahi kuyasikia, mjue mjukuu wenu ana chombo, chombo hiki kibebe watu, kiwafikishe. Kibebe watu, alisema. Na alipoingia ndani kula, Dastani akachukua kitambaa akafuta, rangi isije ikababuka, rangi, Mungu wangu, akafuta haraka haraka kama mwizi, na Mama akatoka kunawa akamkuta ameinama, kitambaa mkononi, akasema tu "Haya."

"Samahani nikuulize," Shadrack sasa yuko nyuma, anagongagonga bati kwa kifundo cha kidole, anasikiliza mlio, "si unajua wateja wangu, lazima niulize, hii haijawahi kubeba maiti?" na Dastani anajibu upesi kuliko alivyotaka, "Haijabeba," na ni kweli tupu, angeweza kuapa, haijabeba maiti, haijabeba mgonjwa, haijabeba hata gunia la mihogo, siku ile ya mvua mchana kweupe alikuwa amekaa ndani yake humu humu, anafuta usukani, simu ikalia, "Shikamoo Mama," "Marahaba mwanangu," sauti imekuwa ndogo, "tumbo hili Dastani, tangu jana, njoo na hilo gari lako jekundu unipeleke hospitali," na yeye akatazama boneti, akatazama mvua, akaiona njia ya Chiungutwa, makorongo yale, mawe yale, akasikia kabisa chuma kikikwaruza chini, akasema, "Mama, hili liko chini sana, litagusa, mwambie Dorika amwite Hamidu na bodaboda yake, nitalipa mimi," nitalipa mimi! alisema hivyo kwa kujivuna, mtoto mwenye uwezo, na Mama akacheka, ndicho kinachomuua, alicheka kidogo, "Haya mwanangu. Litunze basi." Laiti angemlaani. Laana mtu anaijua, anaitafutia dawa, anakwenda kuomba radhi kaburini na maji na unga, lakini kuambiwa litunze, na ukalitunza, unamwomba nani radhi?

Wakampakia katikati ya bodaboda, mshikaki, Hamidu mbele, Dorika nyuma amemkumbatia, mvua inawapiga wote watatu, na Dorika msibani hakumlaumu, dada yake mdogo yule hana maneno, alisema tu, "Kichwa kilikuwa mgongoni kwa Hamidu, kaka. Hamidu akadhani amelala. Akawa anaendesha polepole asimwamshe." Polepole asimwamshe. Na kwenye maziko Dastani alikwenda na gari la kukodi, kwa sababu ya njia, hata siku hiyo kwa sababu ya njia, wazee wakamuuliza, lile jekundu liko wapi, akasema bovu, akadanganya mbele ya jeneza la mama yake kwamba gari ni bovu, na lilikuwa hapa chini ya turubai, zima, zima kabisa, na tangu hapo kila akifunua turubai anasikia mtu akihema kwenye kiti cha kushoto, siyo mzimu, si mtoto yeye wa kuogopa mizimu, ila anasikia, na ndiyo maana anauza, anamwambia Bertila ni ada ya Pili, binti yao, wala si ada...

"Ee! Na hii nini?" Shadrack amefungua buti, amebandua ule mpira wa pembeni unaozuia maji, ameinama mpaka pua inagusa, "kaka, hii puti hii! Nilijua tu! Gari imegongwa nyuma, mkaziba mbonyeo kwa puti, halafu unaniambia nzima?" na Dastani anasogea, anatazama, na pale chini ya mpira, mahali ambapo kitambaa chake hakikufika, kuna mstari mweupe umekauka kama chokaa, upana wake ni kidole gumba, umeanza vizuri ukaishia kwa kubonyea kidogo, pale Mama alipoinua mkono. Miaka yote hiyo. Alifuta kote, hapa hapakufutika. "Kama si puti itatoka na maji," Shadrack anasema bado ameinama, ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, "shemeji, hebu lete kitambaa na maji kidogo tuone," na Bertila huyo anakuja na bakuli, kitambaa kimeshalowa, na ni kufuta mara moja tu, Dastani anajua, mara moja na bei inarudi palepale, kizuri chajiuza, gari linaondoka na nafasi inabaki tupu na labda atalala, aseme tu ni unga, unga wa mama yangu, futa bwana, si alishafuta mwenyewe mwaka ule, mkono ni huu huu, na kitambaa kinakaribia, tone la maji linaanguka kwenye bampa, na Dastani anasikia sauti yake, tulivu, ya mtu mwingine kabisa.

"Usifute. Ni puti."

"Si nilisema! Ilipata ajali?"

"Ilipata."

"Kuna mtu aliumia?"

"Mama yangu alikufa."

Bertila amesimama na bakuli lake, anamtazama mumewe, kisha anatazama gari, bampa lake zima, taa zake nzima, hakuna hata mkwaruzo. Shadrack bado ameinama, mkono umebaki hewani, hajui aurudishe au aendelee. Na Dastani anaubonyeza mpira taratibu urudi mahali pake, ukaufunika ule mstari, anasema, "Mama Pili, hayo maji yarudishe kwenye dumu."