Mwangi wa Kwenye Sanduku

Kilonzo, fundi wa mashine ya kukwangua mkonge huko Ruiru, alikuwa amefungwa mikono kwa kosa la herufi moja.

Ilikuwa Julai ya mwaka hamsini na nne, wakati wa Imajensi, serikali ikiwasaka Mau Mau misituni. Askari walipopekua nyumba za wafanyakazi asubuhi ile, kwake walikuta sanduku lenye valvu za redio na kichwa cha gramofoni, na kando yake daftari. Sajini Gerishon, Mkikuyu wa Gatongora, akasoma kwa sauti.

"'Nimetuma sauti. Mwangwi amerudi upesi. Yuko karibu.' Huyu Mwangi ni nani? Ametoka msitu gani?"

"Si Mwangi, afande. Mwangwi. Neno la bandarini Mombasa, nililipata wakati wa vita. Sauti ikigonga kitu, ikarudi."

"Na mbona 'amerudi', kama mtu?"

Ngeli zilimshinda Kilonzo tangu utotoni. Kwao Machakos hata chai "alichemka". Nani angedhani zingemtia kizuizini?

Akaeleza, maneno yakigongana mdomoni, jinsi popo anavyopiga kelele zisizosikika na kujua ukuta ulipo. Sanduku nalo hufanya hivyo: mkono ukikaribia meno ya mashine, kengele ilie kabla haujaliwa kama ule wa rafiki yake Opiyo.

Sajini akatega sikio. "Mimi sisikii kitu."

"Haisikiki, afande."

"Ngai! Inaongea na Mwangi kwa siri, na mwenyewe anakubali!"

Nje lori la kupeleka watu kizuizini lilikuwa likinguruma.

"Nyosha mkono mbele yake," Kilonzo akasema. "Isipolia, nipelekeni."

Ulimi ulishaponyoka. Akaliwasha sanduku kwa mikono ile ile iliyofungwa, valvu zikapata moto polepole kama mahindi ya muthokoi jikoni. Sajini akanyosha mkono, koti zito la sufi likimfunika hadi vidole. Kimya. Akasogea. Kimya. Askari wa mlangoni akamshika Kilonzo bega.

Sufi! Sufi humeza sauti kama mchanga unywavyo maji. Lakini nani humwambia sajini avue nguo?

"Afande... koti. Tafadhali vua."

"Nikuvulie wewe?"

"Hata popo mwenyewe angekukosa."

Sajini akafungua vifungo kimoja kimoja, amenuna, akanyosha kiganja kitupu.

Kengele ikalia. Akaruka nyuma, kofia ikaanguka. Akajaribu tena. Ikalia.

"Mfungueni huyu," akasema hatimaye, akilikumbatia sanduku. "Lazima bwana mkubwa wa Thika alione leo hii. Akiona ni uongo, Kilonzo, nitakurudia."

Lori lilishashika barabara Kilonzo alipokumbuka baridi ya Julai, na jinsi Mzungu yule wa Thika anavyojifunika makoti ya sufi. Akalikimbilia, kamba ikining'inia mkononi.

"Afande! Mwambie kwanza avue koti!"