Siri Iliyofika Soko la Jumatano

Hafidha alimchagua Basma kwa sababu ya Kiswahili. Mambo mengine aliweza kuyasema kwa Kiarabu, maana alizaliwa Ibra, nchini Oman, akasoma Ibra, na chuoni alikofanya kazi ya usajili alishinda akisema Kiarabu kutwa nzima. Lakini hili lilikaa katika lugha ya mama yake, lugha ya ndani ya nyumba. Basma, mshauri wa zahanati moja binafsi pale mjini, alikuwa naye mtoto wa watu waliorudi kutoka Unguja.

Alikwenda mara tatu akizungumzia usingizi. Mara ya nne akafumba macho, akasema. Baadhi ya siku, yeye na mumewe Osama wakiwa faragha, hupenda afungwe mikono kwa mtandio na aamrishwe. Osama hupenda pia. Wamewekeana neno, likitamkwa tu, kila kitu husita. Hakuna anayeumia. Ila baadaye humjia aibu nzito, hata akiutandika msala wake hujiona hastahiki kusimama.

"Nina ugonjwa?" akauliza.

Basma akamshika mkono. "Haya yatabaki baina yetu, habibti."

Hazikutimia siku kumi. Jumamosi asubuhi dada yake mkubwa, Ghanima, akaingia sebuleni na kaka zao wawili na mzee mmoja wa kisomo.

"Shikamoo, dada."

Ghanima hakuitikia. "Tumekuja kukusomea. Jini gani huyo anayemtaka mwanamke afungwe kama mbuzi?"

Hafidha jambo lile hakulitamka popote ila katika chumba kimoja. Wala Ghanima hakuficha: Jumatano alikutana na Basma kwenye soko la wanawake, na Basma akamvuta kando penye vitambaa. "Kanambia kwa kukuonea huruma," alisema.

Kaka mkubwa akamgeukia Osama, aliyekuwa akinywa kahawa karibu na mlango. "Nawe ulikuwa unajua?"

Osama akakitikisa kikombe chake, ishara ya kuwa ametosheka, akakiweka chini. "Mimi nilikuwa namridhisha tu," akasema. "Ni yeye."

Hafidha akakaa, akasomewa. Hakulia. Alimtazama mumewe muda wote wa kisomo, na Osama hakuinua uso hata mara moja.

Ulipita mwezi kabla hajathubutu kuendesha gari hadi mji wa Nizwa, kwa mshauri mwengine aitwaye Turkiya. Kabla hajavua miwani ya jua akamuuliza: "Una jamaa Ibra?"

"Sina. Na kabla hujasema chochote, nitakwambia naandika nini na nani anaweza kusoma." Turkiya alikuwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa bibi yake.

Hafidha aliposimulia, Turkiya hakushtuka. Aliuliza mambo machache: ni hiyari yake? Ni hiyari ya mume? Neno likisemwa, anaacha?

"Anaacha. Papo hapo."

"Basi kitu hii si ugonjwa. Mimi sina dawa yake, kwa sababu haitaki dawa. Sasa niambie wapi panauma."

Hafidha alifungua kinywa kumtaja Basma, likatoka jina la Osama. Hapo ndipo alipolia. Alikuwa amempa mikono yake, akamwamini kuliko alivyowahi kumwamini binadamu, naye mbele ya watu wanne akamwacha peke yake.

Mwezi wa tatu wa safari hizo Osama alikubali kufuatana naye Nizwa. Alikaa akiizungusha chupa ya maji mkononi. "Ningesema nini mbele ya kaka zako?"

"Ungesema tulikuwa wawili."

Osama akaiweka chupa chini. Kisha akaahidi kwenda kusema hivyo hivyo. Ijumaa baada ya sala alikwenda, akarudi na uso mwepesi. "Yamekwisha," akasema.

Hafidha alifurahi siku mbili. Siku ya tatu kaka yake akampigia simu. "Osama katwambia umepona. Alhamdulillahi."

Alipomuuliza, Osama alisema ilikuwa njia ya kumsitiri. Hafidha akamtazama kwa utulivu uliomshangaza yeye mwenyewe. "Umejisitiri weye."

Aliandika malalamiko juu ya Basma, akaulizwa maswali mengi, na mwishowe zahanati ikamwondoa Basma katika chumba cha ushauri. Halafu akaenda kwa Ghanima, akakataa kahawa, akasema akiwa amesimama.

"Sikupona, dada, kwa sababu sikuwa mgonjwa. Lile lilikuwa langu na la mume wangu, kwa ridhaa yetu sote wawili. Mmeliingiza sebuleni."

"Na sisi tufanye nini sasa?"

"Msifanye kitu. Mliyoyafanya yanatosha."

Aibu ile ya zamani ilimtoka polepole, bila kisomo. Ramadhani aliswali kwa moyo mkunjufu. Uchungu aliotiwa na Osama haukutoka. Turkiya hakumwambia abaki wala aondoke. Nafasi ya kazi ilipotokea katika mji wa Sur, Hafidha aliiomba, akapata. Osama mwenyewe ndiye aliyemteremshia masanduku hadi kwenye gari.

"Utarudi?" akamuuliza.

"Sijui," Hafidha akasema, na ilikuwa kweli. Akafunga mkanda, akatia gia.