Wanga wa Bwana Pasi

Watu walimwita Bwana Pasi, na jina lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa ofisi: meza ndefu iliyovalishwa blanketi na shuka juu yake, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya kujihami umeme ukikatika, na bomba lililokwenda ukuta hadi ukuta likiwa limebeba mashati na suti za watu. Kwake yeye nguo haikuwa safi mpaka itiwe wanga na kupigwa pasi, kola isimame kama askari wa gwaride. Mikunjo aliiogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka.

Basi binti yake, mwalimu wa hesabu, alirudi kukaa kwa wazazi kwa muda na mtoto wake mchanga, kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa katapila na kazi ya barabara ilikuwa imempeleka mbali. Mtoto wakamwita Meneja. Hakufanya kazi yoyote, alipiga kelele saa yoyote, na nyumba nzima ilimtumikia.

Meneja alikuwa na ngozi nyepesi. Nepi za kutupa zilimtia upele, mapaja yakawa mekundu, kilio kikawa hakina mwisho. Mama yake akaamua kutumia nepi za kitambaa. Lakini mwalimu wa hesabu hanunui kitu kwa kusikia tu. Alikusanya aina tatu, akazitandika sebuleni, akachukua kikombe cha maji na kuanza kuzimwagia.

"Unafanya nini na mkeka wangu?" akauliza mama yake.

"Napima, mama."

Ile ya kitambaa cha taulo ilikunywa maji yote, ila ikapitisha siku nzima kwenye kamba bila kukauka. Ile ya mraba, ya pamba nyembamba, ilikauka kabla chai haijapoa, ila ilitaka pini, na kila alipoishika pini alifikiria lile tumbo laini, akairudisha chini. Ya tatu ilikuwa na kava ya nje isiyopitisha maji, yenye vifungo vya kubana kwa vidole, lakini pedi yake ya ndani ilikuwa nene kama godoro. Mwishowe akaoanisha. Akachukua mraba wa pamba, akaukunja mara kadhaa uwe kama pedi, akaulaza ndani ya kava na kubana vifungo. Tap, tap, tap. Meneja akarusha miguu hewani, hakuna kilichovuja.

"Sisi tulikuwa na pini na Mungu, basi," bibi yake mtoto akasema. Hata hivyo, alipodhani hakuna anayemwona, alivibana na kuvibandua vile vifungo mara nyingi kwa raha zake.

Bwana Pasi hakuwa na neno na nepi mpaka alipotoka uani na kuziona kwenye kamba. Zilining'inia jirani na mashati ya wateja wake, zimejikunjakunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Moyo ukamuuma.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "mimi nafua joho la jaji. Nafua suti za maharusi. Watu wakipita hapa wakaona hivi vitambaa, watasema mkono wangu umechoka. Hizi nepi niachie mimi."

"Baba, ni nepi tu."

"Hakuna kitu kinaitwa 'nguo tu'."

Binti alikuwa amelala kwa vipande vipande tangu ajifungue. Msaada hauulizwi sura. "Haya, baba. Ila usizitie mbwembwe," akasema, akaenda kulala pamoja na Meneja.

Mzee akapandisha mikono ya shati. Kusema kweli, zile chafu kabisa alizikabili kwa jicho moja, uso kaugeuzia pembeni kama mtu anayewasha fataki. Lakini alizifua, akazisuuza, kisha, kwa mazoea ya mkono, akazitumbukiza kwenye beseni la wanga. Jua la siku hiyo lilikuwa kali. Mchana akazipiga pasi moja moja, akazikunja pembe kwa pembe, na kuzipanga mezani. Zilimeta. Ukingoni mwa kila moja palikuwa na mstari wa bata wadogo wa njano, na hata wale bata walionekana wamenyooka.

Alasiri binti akaja kuchukua nepi. Akaigonga mezani. Ikalia ko, ko, ko.

"Baba! Hii ni nepi au mlango?"

"Mvalishe kwanza."

Wakamvalisha palepale juu ya meza ya pasi. Meneja akakodoa macho. Miguu yake ilisimama mbalimbali kama bikari, akashindwa hata kurusha teke. Babu akamwinua ili amwonyeshe kwenye kioo alivyopendeza. Ndipo Meneja akatoa maoni yake. Mkojo uliteleza juu ya ile nepi kama maji juu ya jani la mgomba, ukatafuta upenyo pajani, ukamshuka babu kifuani, ukapita mkanda na kuingia kwenye kiatu cha kushoto.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe Bwana Pasi alikuja mbio kutoka jikoni, akaona, akaegemea mlango na kushika mbavu. Mzee alisimama hivyo hivyo, mjukuu mikononi, akichuruzika.

"Wanga umeziba kitambaa, baba," binti akasema alipopata pumzi. "Nepi haitaki kusimama. Inataka kunywa. Ifue, isuuze sana sabuni yote itoke, ianike juani, basi. Hata ile dawa ya kulainisha nguo usiiguse."

"Nimefua maisha yangu yote," akasema Bwana Pasi polepole.

"Najua, baba. Mimi ulikuwa unanifungaje?"

"Wewe alikufunga mama yako. Mimi nilikuwa kazini."

"Kazini wapi? Si hapa hapa mezani?"

Mzee alimrudisha Meneja kwa mama yake, akazikusanya zile nepi na kwenda nazo uani. Waliomwona kupitia dirishani walidhani amenuna, na labda alinuna kidogo. Lakini alichemsha maji, akaziloweka, akazisugua na kuzisuuza mpaka maji yakatoka meupe kama ya kunywa. Kila alipomaliza moja aliidondoshea tone la maji kutazama kama inalinywa. Tone likibaki juu, aliirudisha ndani ya beseni.

Alipozianika ndipo alipoona nepi moja haipo.

Alitafuta chini ya meza na nyuma ya mlango. Kisha akakumbuka, na kijasho kikamtoka. Mchana ule alikuja mshereheshaji mmoja, mtu wa kuendesha harusi, wanamwita Kipaza kwa sababu hata akinong'ona anasikika mtaa wa pili. Alikuja kuchukua suti yake, na Bwana Pasi, kama ilivyo desturi yake kwa wateja wazuri, alikuwa amempigia pasi leso yake kubwa na kumtilia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Sasa ile leso ilikuwa ingali mezani, pale pale.

"Nimekwisha," akamwambia mkewe.

"Labda hataitumia."

"Mtu anatoka jasho kama bomba bovu, asitumie leso?"

Asubuhi Kipaza akaja, na sauti yake ilifika kabla yake. "Bwana Pasi! Uko wapi, bwana!"

Mzee akatoka na maneno ya kuomba radhi mdomoni, lakini hakupata nafasi ya kuyatumia.

"Nimesimama mbele ya ukumbi umejaa," Kipaza akasema, "namkaribisha baba wa bibi harusi. Jasho linanitiririka. Navuta leso, naifungua, inazidi kufunguka! Bata, bata, bata! Nafuta uso, jasho haliondoki, linahamia tu upande wa pili. Baba wa bibi harusi ananiangalia, anauliza kwenye kipaza sauti, 'Kijana, hiyo si nepi?' Ukumbi mzima chini kwa kicheko! Watu walikuwa wamekaa upande wa mume huku, upande wa mke kule, hawasemeshani. Baada ya hapo walicheza pamoja mpaka wakasahau keki."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini? Nimeshaitwa harusi nyingine mbili. Ila nionyeshe mwenye mali nimrudishie mwenyewe."

Mwenye mali alikuwa ndiyo kwanza ameamka, na alihitaji kubadilishwa mara moja. Binti akanyoosha mkono kuchukua nepi, lakini baba yake akaiwahi. Akaukunja ule mraba, safari hii laini kama mkate wa moto, akaulaza kwenye kava, akamwinua Meneja kwa vifundo vya miguu taratibu na kubana vifungo. Kimoja alikibana pabaya, binti akamwelekeza kwa macho. Akakibandua, akakibana upya.

Kipaza akaombwa ampakate. Hakuwahi kushika mtoto maishani. Alimshika kama mtu aliyepewa trei ya mayai, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akanyamaza.

Mwisho wa wiki binti akasema angependa kwenda kusukwa nywele, kama kuna wa kubaki na mtoto. Mama yake alikuwa na safari zake. Bwana Pasi akakohoa, akasema yeye atabaki, kwani tatizo liko wapi. Binti akamwachia nepi safi, ndoo yenye mfuniko na busu kwenye kipara, akaondoka kabla mzee hajabadili mawazo.

Haikupita muda, mteja akasimama mlangoni na fungu la mashati. Akaona meza imetandikwa taulo, na dobi kainama juu yake, mikono yote miwili ina shughuli.

"Hodi, Bwana Pasi. Nina haraka kidogo."

"Karibu, kaa hapo kwenye kiti," akajibu bila kugeuka. "Kuna mteja mbele yako."