Maua au Nyasi Langoni

Mtunza bustani wa kiwanda cha sabuni alifika kabla ya king'ora, akapiga vigingi, akavuta kamba katikati ya kitalu cha langoni, akapanda maua ya zinia upande mmoja na nyasi za mapambo upande wa pili. Kazini walimwita Mzee Kamba kwa sababu hiyohiyo. Hakuwa mtu wa kubishana. Ukimuuliza kipi kizuri, anakufungia kamba, anapanda vyote, anakwambia subiri msimu uchague kwa macho yako mwenyewe.

Meneja alikuwa na haraka. Wageni wa makao makuu walitarajiwa kabla ya mwaka kwisha, na pale langoni palikuwa na udongo mtupu uliovimba kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Zamani palikuwa shimo la maji machafu. Lilijazwa udongo wikendi moja ya sikukuu, wikendi ileile ambayo Fundi Bomba wa kiwanda hicho aliitwa kuja kuziba bomba lililovuja chini humo, asionekane tena. Ofisi ilisema fundi alimaliza kazi, akatoka getini, akaenda anakokujua. Wakamwita mtoro. Waliojua zaidi walikuwa na watoto wa kusomesha, wakanyamaza.

Fundi Bomba alikuwa na mke, naye alifanya kazi hapohapo, chumba cha kufungia sabuni. Alikuwa na mama pia, na mama huyo aliishi na mkwe wake nyumba moja, mlango kwa mlango. Mama mkwe alikuwa na maelezo yake, kwamba mwanamume hakimbii nyumba yenye amani, na maelezo hayo aliyatoa kila jioni, chakula kikiwa bado cha moto. Mke wa Fundi alimeza chakula na maneno pamoja. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mtu mmoja mwenye cheo aseme kwamba mumewe hakutoka getini. Basi. Angelia, angepewa pole kama wafiwa wengine, na mama mkwe angemwacha apumue.

Zinia ndizo zilizotangulia kuchanua. Mzee Kamba alikuwa amepanda mbegu za nyekundu na manjano, zikatoka buluu, buluu ile iliyopauka ya ovaroli iliyofuliwa mpaka ikachoka. Zinia hazina buluu. Mzee Kamba aliziangalia, akasema labda ni mbolea. Katikati ya kila ua, mahali pa mbegu, palikuwa na kifungo cha plastiki. Wafanyakazi waliopungukiwa vifungo walipita hapo kabla ya zamu, wakachuma, wakaenda kushona. Mpishi wa kantini alisema ni imara kuliko vya dukani, maana vya dukani siku hizi ni wizi mtupu.

Mke wa Fundi alichuma kimoja kilichokuwa na kipande cha uzi mwekundu, akaenda nacho nyumbani. Mama mkwe alikisogeza dirishani, akakigeuza.

"Hiki nilikishona mimi kwenye ovaroli yake," akasema. "Uzi wa buluu uliniishia. Umekitoa wapi?"

"Kazini, mama. Kimechanua langoni."

Mama mkwe alikisugua kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo huyo mwanamke aliyemkimbilia," akasema mwishowe, "hata kushona hajui."

Jamani. Mke wa Fundi aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Kikao cha kuchagua kilifanyika kantini. Meneja alizungumza vizuri, tena kwa utaalamu. Zinia zinapendeza, alisema, hakuna anayekataa, lakini zina usumbufu. Zinataka maji kila mara, zinataka kukatwa vichwa vilivyonyauka ndipo zichanue tena, na msimu ukiisha zinakufa, unaanza upya. Nyasi ukishazipanda umezipanda. Zinavumilia jua, zinakaa miaka, hazina mambo mengi. Habari ya vifungo hakuigusa. Mtunza stoo peke yake ndiye aliyetetea maua, akisema yameipunguzia stoo kazi.

Mke wa Fundi akanyoosha mkono.

"Mimi nachagua maua," alisema. "Na naomba pale yalipoota pafukuliwe."

Watu waligundua ghafla kwamba chai yao ilihitaji kukorogwa. Meneja alimjibu kwa upole kwamba bustani haifukuliwi ikiwa inachanua, kitaalamu, hata Mzee Kamba anajua. Mzee Kamba alitazama viatu vyake, akakiri kwamba kitaalamu ni kweli. Mikono ikanyooshwa, nyasi zikapita. Waliopita karibu na mke wa Fundi wakitoka walimgusa bega, na yeye akawachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Zinia ziling'olewa, kamba ikafunguliwa, nyasi zikapandwa kitalu kizima. Zilikua mpaka kimo cha mtu, zikatoa vishungi laini vya rangi ya majivu, na zilipofika hapo zikaanza kukohoa. Upepo uwepo usiwepo, zilikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi chenye mkwaruzo mwishoni, kikohozi cha mtu aliyevuta hewa ya magadi makali kwa miaka, na kiwandani hapakuwa na asiyekijua. Walinzi wakawa wanasema pole. Madereva wa magari ya mizigo wakazoea. Hata meneja siku moja alipita akisoma simu yake, akasema "pole, Fundi" bila kuinua kichwa, kisha akaongeza mwendo.

Siku ya mapumziko mke wa Fundi alimshika mama mkwe mkono, akamleta langoni bila kumweleza kitu. Nyasi zikakohoa. Mama mkwe alisikiliza, kisha akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, nguo yake nzuri ikaingia vumbi.

"Huyu ni wangu," alisema. "Tangu mtoto ana kifua."

Mke wa Fundi akakaa kando yake.

"Nimekusema sana," mama mkwe akasema.

"Umenisema, mama."

"Mbona hukunijibu?"

"Ningekujibu nini? Ulikuwa unamsubiri."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa meneja. Aliwapa viti na maji ya baridi. Alisema kikohozi anakisikia, hana masikio ya mbao, ila watu wanaokohoa ni wengi, na kukohoa hakumwondolei mtu utoro. Kisha akasema kwamba nyasi zenyewe zimerefuka kupita kiasi na lazima zikatwe, wageni wanaingia wiki hiyo.

Mzee Kamba alisema mgongo wake umekataa. Vibarua nao kila mmoja akawa na shughuli yake. Mke wa Fundi akasema atakata yeye, bora mkono wake. Alikata kwa mundu, taratibu, akishika kila konzi kabla ya kuipitishia chuma, huku kikohozi kikishuka mpaka kikawa kinatokea kwenye nyasi zilizolala visiginoni mwake. Alipomaliza, mama mkwe alitandika shuka, wakafunga nyasi zote, wakazipeleka nyumbani.

Walizilaza kitandani, vishungi kwenye mto. Majirani waliona mlango wazi na viatu nje, wakaja, wakavua vyao, wakasema pole. Hakuna aliyeuliza swali. Mke wa Fundi alilia kwa sauti, kilio cha tangu sikukuu ile, na mama mkwe akamlaza kichwa mapajani akamwambia lia, mwanangu, lia.

Asubuhi alikuja tarishi wa ofisi, amenyoosha shati, haangalii mtu usoni. Alisema ametumwa: chochote kilichoota ndani ya uzio ni mali ya kiwanda, na nyasi zinatakiwa zirudi zitandazwe kitaluni kufunika udongo kabla wageni hawajafika. Aliongeza kwamba zamu inakaribia, na mke wa Fundi asipoonekana kazini naye ataandikwa mtoro. Akaomba maji, akanywa, akaondoka.

Mama mkwe ndiye aliyefunga shuka. Alilifunga vizuri, akamsaidia mkwe wake kulipandisha mgongoni, akasimama mlangoni mpaka alipokata kona.

Getini mlinzi alifungua lango lote, kama linavyofunguliwa gari, akavua kofia. Meneja alikuwa amesimama hapo na tai mpya, akingoja wageni. Mlinzi akamuuliza aandike nini, maana kila kinachoingia huandikwa, na ofisini fundi huyu ameandikwa kuwa alitoka.

Meneja aliutazama mzigo. Ndani ya shuka, kifua kilikuwa kinakwaruza.

"Andika matandazo," alisema.

Mlinzi akaandika. Mke wa Fundi aliutua mzigo kitaluni, akaufungua mwenyewe, akatandaza. King'ora kilipolia alilikunja shuka, akaingia kufunga sabuni.