Dozi ya Aliyetangulia

Idda ndiye aliyebuni skrini za mfumo wa dawa wa zahanati moja binafsi ya Makambako. Katika kampuni yao ndogo pale Mjimwema, Njombe, wabunifu wenzake walipanga rangi na vitufe, basi. Yeye alijifundisha kuandika modeli rasmi: kila hali ya skrini na kazi ya kila kitufe huwekwa kwa kanuni za hesabu, kisha kompyuta inajaribu njia zote anazoweza kupita mtumiaji.

Modeli ikafichua jambo ambalo macho yake hayakuliona. Mtandao ukisuasua, nesi akarudi nyuma na kuchagua mgonjwa mwingine, jina linabadilika lakini dozi inabaki ya mgonjwa aliyetangulia.

Akamwonyesha bosi wake, Ezekia.

"Nani atabonyeza hivyo, Idda?" Ezekia alicheka. "Mteja ananunua skrini, hanunui hesabu zako. Tunazindua Jumatatu."

Keki ya uzinduzi ilipokatwa, Idda alipiga makofi pamoja na wengine.

Masika hayajaisha, mzee Kasimiri, mkulima wa Makete mwenye figo dhaifu, akaja na homa, akachomwa sindano kwa dozi ya kijana aliyemtangulia. Homa ilishuka, masikio yakafa: dozi ile ilikuwa kubwa mno kwa figo zake. Zahanati ilipouliza, Ezekia alijibu kwamba mfumo ni mzima, nesi ndiye aliyekosea. Nesi Dorika akafukuzwa.

Idda alipopata habari alikwenda Makambako. Alimkuta Dorika akichoma mahindi kando ya maegesho ya malori. Akafungua kompyuta, akamwonyesha hatua kwa hatua.

"Hukukosea, dada. Ilikuwa hivi."

Dorika alitazama, machozi yakimtoka. "Nilimpigia magoti yule mzee. Hakusikia hata nilichosema. Nikaungama kanisani kosa ambalo si langu." Akajifuta kwa kanga. "Wewe uliliona lini?"

"Kabla hatujazindua. Nilimwambia bosi..."

"Mimi hukuniambia. Na mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza."

Idda akafunga kompyuta.

"Nenda," alisema Dorika, akiyageukia mahindi yake. "Yanaungua."

Siku ileile Idda aliipeleka modeli kwa mganga wa zahanati. Kasoro ikarekebishwa kimyakimya. Ezekia akamwachisha kazi kwa kutoa siri za kampuni. Dorika hakurudishwa, walisema nafasi yake imeshapata mtu.